Sura ya 6: Nyungu na Kidonge cha Usiku

Kijana alianguka pale kituoni Sinza Mori, Dar es Salaam, Aprili 2020, saa kumi na moja jioni, watu wakigombea daladala. Alianguka kama gunia la mkaa linavyotupwa kutoka kwenye lori, uso mbele, bila kutanguliza mikono. Alikuwa amevaa barakoa ya kitenge. Mwili ukakakamaa, halafu ukaanza kutupatupa, na ile barakoa ikalowa mate.

Mwezi mmoja tu nyuma ningejua kinachofuata. Angetokea wa kusema "mtieni kijiko mdomoni," mwingine angewasha kiberiti amnusishe, na mama mmoja angevua khanga ya juu amfunike. Msaada wetu kwa mtu anayeanguka mara nyingi ni mbovu, lakini watu husogea. Siku ile walirudi nyuma. Duara likapanuka mpaka likafika barabarani, bodaboda wakaanza kulizunguka. "Kaka, usimguse! Hiyo ndiyo yenyewe!" Nami niliyekua na mdogo wangu wa kike anayeanguka tangu akiwa darasa la pili, niliyemgeuza ubavu mara zisizo na idadi, nilisimama pia. Labda sekunde kumi na tano.

Kisha nikapiga magoti. Nikamvua barakoa, maana mtu aliyepoteza fahamu huku kitambaa kimeloa mdomoni na puani anakosa hewa. Nikambingirisha ubavu, nikamwekea begi langu chini ya kichwa, nikatazama saa ya simu. Dakika mbili na ushei. Alipozinduka kitu cha kwanza alichouliza ni mkoba wake. Ndani mlikuwa na bahasha ya kaki ya dawa, na ndani ya bahasha vidonge vitatu. "Nilikuwa navibania," alisema, ulimi ukiwa bado mzito. "Nameza leo, kesho naruka. Hospitali naogopa, kaka. Kule ndiko kuliko na corona."

Sura hii ni ya yule kijana na vidonge vyake vitatu. Mengi yameandikwa juu ya kirusi. Juu ya wagonjwa wa siku zote, ambao maradhi yao hayakwenda likizo kirusi kilipoingia, yameandikwa machache.

*

Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa corona nchini, Mtanzania aliyewasili kutoka Ubelgiji kupitia Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro. Kesho yake shule zikafungwa. Takwimu za mwisho kutolewa mwaka ule zilisema wagonjwa 509 na vifo 21, na baada ya hapo kikawa kimya kirefu. Ndoo za maji tiririka zikajaa milangoni mwa maduka yote ya barabara ya Shekilango, na daladala zikaamriwa kubeba abiria waliokaa tu, "level siti", kama makonda walivyoita.

Dar es Salaam haikufungwa. Nairobi walikuwa na amri ya kutotoka nje usiku tangu tarehe 27 Machi. Kampala magari binafsi yalizuiwa, na mgonjwa alihitaji kibali ili apelekwe hospitali kwa gari la jirani. Sisi hatukuwekewa kizuizi chochote kati ya Sinza na hospitali ya Mwananyamala. Ndiyo maana swali la kwa nini wagonjwa wetu hawakwenda kliniki linahitaji jibu la kwetu wenyewe.

Jibu moja ni usafiri. Level siti ilikuwa amri ya busara, ila ilimaanisha kwamba gari lililobeba watu arobaini na ushei sasa linabeba chini ya thelathini, na aliyechelewa anapanda bodaboda. Mwenye kifafa nyuma ya bodaboda anabeba hatari mbili kwa nauli moja. Mama yangu alimkataza katakata mdogo wangu asipande, na mama alikuwa sahihi. Bajaji ikawa ghali. Safari ya kliniki ikaahirishwa wiki moja, halafu mbili.

Jibu la pili ni hofu, na ilikuwa na sababu. Hospitali ya Amana ilikuwa imegeuzwa kituo cha wagonjwa wa corona, na kila aliyepita Ilala alikuwa na hadithi yake. Kwa mtu wa mtaani hospitali zote zikawa Amana.

La tatu halikuletwa na corona. Mgonjwa wa kifafa katika hospitali zetu nyingi hutibiwa kwenye kitengo cha afya ya akili. Kitaalamu ina maana yake, kwa sababu wahudumu waliofundishwa kuzitumia dawa hizi ndiko waliko, na madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu nchini ni wa kuhesabika. Lakini mwambie msichana wa miaka ishirini na mbili akae kwenye benchi lililoandikwa hivyo, jirani wa Sinza Kumekucha akimwona. Mdogo wangu alikuwa akienda kwa kujikaza. Corona ilimpa sababu ya heshima ya kutokwenda.

*

Tueleze kwanza kinachotokea kichwani. Chembe za ubongo huzungumza kwa umeme mdogo sana, kila moja kwa zamu yake. Degedege au kifafa kinapopiga, kundi kubwa la chembe hizo linafyatuka pamoja, kama vile madereva wote waliokwama Shekilango saa moja jioni wapige honi kwa mpigo mmoja. Kila ubongo una kizingiti chake cha kufikia hapo. Mwenye kifafa kizingiti chake kiko chini, na dawa kazi yake ni kukiinua.

Vinavyokishusha vinajulikana: homa kali, kukosa usingizi, pombe, na kuruka dawa. Soma orodha hiyo ukikumbuka mwaka 2020. Corona ni ugonjwa wa homa. Watoto waliobaki nyumbani bila shule walikesha na televisheni na simu. Ramadhani iliingia mwishoni mwa Aprili, na wafungaji wenye kifafa wakawa wanakatiza usingizi kwa ajili ya daku huku saa za kumeza dawa zimehama. Kufunga si marufuku kwa kila mwenye kifafa, ila ratiba ya dawa hupangwa na daktari kabla ya mwezi kuandama. Mwaka ule ni wangapi waliokwenda kumuuliza?

Kirusi chenyewe, kwa mwenye kifafa tu asiye na maradhi mengine, hakikuwa nduli wa pekee. Kuwa na kifafa hakumfanyi mtu ashikwe na corona kwa urahisi zaidi, na waliopata degedege kwa sababu ya corona walikuwa wachache, wengi wao wakiwa mahututi tayari. Kilichomwangusha kijana wa Mori kilikuwa ndani ya mkoba wake, na ningesema hivyo hata kama angekutwa na corona siku ileile.

Fenobabito, kidonge kinachotumiwa na wengi kuliko vyote katika hospitali zetu kwa sababu ni cha bei nafuu, kina tabia moja ya hila. Kinatoka mwilini polepole. Huchukua siku tatu hadi nne nusu yake kuondoka. Anayeacha leo mara nyingi haanguki kesho, wala keshokutwa. Wiki inapita, anajisikia mwepesi kwa kuwa ule usingizi wa dawa umepungua, anasema moyoni: kumbe nimepona. Halafu akiba iliyobaki mwilini inakwisha, na anguko linakuja, mara nyingine mfululizo, moja halijaisha jingine limeanza, bila fahamu kurudi katikati. Hilo la mfululizo linaua. Nimesikia watu wakilaumu "kuacha jana" wakati dawa iliachwa mwezi uliopita.

Hali haikuwa ya Sinza peke yake. Shirika la Afya Duniani liliuliza nchi 130 kati ya Juni na Agosti 2020. Nchi 93 katika kila 100 zilikiri kwamba huduma za afya ya akili na mishipa ya fahamu zimevurugika au kusimama. Asilimia 30 zilisema upatikanaji wa dawa umeathirika, na asilimia 35 kwamba hata huduma za dharura, zikiwamo za watu wanaodegedeka kwa muda mrefu, zimeyumba. Shirika hilohilo husema watu wenye kifafa duniani ni kama milioni 50, na kwamba hadi 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepimwa vizuri na kupata dawa.

Nasi tulikwenda kliniki, mimi na mdogo wangu, hatimaye, mwezi Mei. Kituo chenyewe sikitaji. Mhudumu alikaa upande wa pili wa dirisha, akauliza jina, akaandika dawa ileile, vidonge vya mwezi mmoja. Nikamwomba atuandikie vya miezi mitatu ili tusirudi kwenye msongamano. Akajibu kwamba dawa hiyo ni ya kudhibitiwa, hatoi zaidi. Kweli ni ya kudhibitiwa. Lakini wataalamu wa kifafa duniani mwaka ule walikuwa wanashauri kinyume chake kabisa: mgonjwa aliyetulia apewe akiba ya kutosha, asitembee bila sababu. Wenzetu wa ARV, dawa za VVU, walikuwa wameshaujua utaratibu huo wa kupewa dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo. Wa kifafa hawakuwa na wa kuwasemea.

*

Turudi kwenye lile duara la watu pale Mori. Lina historia ndefu kuliko corona.

Mwaka 1960 daktari mzaliwa wa Norwei, Louise Jilek-Aall, alifungua kliniki ya kifafa Mahenge, wilayani Ulanga. Alikuta wagonjwa wanaokula peke yao, kwa chombo chao, na kulala pembeni. Watu waliamini kwamba mate ya anayeanguka, mkojo wake, hata hewa yake, vinaambukiza. Kwa hiyo mgonjwa aliyeangukia motoni aliachwa motoni mpaka atulie mwenyewe, na makovu ya moto ndiyo yaliyomtambulisha. Dawa aliyowapa ilikuwa hiyohiyo fenobabito. Daktari wa Kitanzania Henry Rwiza na wenzake walikuja kupima Ulanga wakakuta wenye kifafa wakizidi 10 kwa kila watu 1,000, idadi kubwa. Yeye na Jilek-Aall walitoa mwaka 1992 matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 164 wa kliniki ile kwa miaka 30. Zaidi ya nusu ya vifo vilivyojulikana sababu yake vilitokana na kifafa chenyewe: kuanguka mfululizo, kuzama majini, kuungua.

Pwani tuna habari zetu za dege, yule ndege wa usiku anayesemwa kumpitia mtoto juu akadegedeka, na za mtoto kufukizwa kinyesi cha tembo na kukatazwa sindano. Watafiti walizikuta Bagamoyo miaka ya 1990, wala hazijaisha. Kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa kitu kingine chochote kimtokacho mgonjwa. Wauguzi wamelisema hilo kwa miaka sitini, na polepole lilikuwa limeanza kuingia. Halafu kikaja kirusi kinachoambukiza kweli kwa mate. Ile hofu ya kale ya Mahenge ikapewa cheti cha hospitali. Watu wa Mori hawakuwa washamba. Wengi wao nadhani walikuwa na simu kubwa kuliko yangu.

*

Sasa nyungu. Hapa nitakaa kidogo.

Tangu Aprili 2020 Rais Magufuli alipohimiza kujifukiza, kupiga nyungu kukawa jambo la kila nyumba. Hospitali ya Taifa Muhimbili nayo ikawa na vibanda vya kujifukizia. Sinza nzima ilinuka mchaichai. Kila kona kulikuwa na muuza majani: mwarobaini, mpera, mlimao, mkaratusi. Unayachemsha, unaweka sufuria katikati ya miguu, unajifunika blanketi gubigubi, unavuta mvuke mpaka jasho likutiririke.

Sina ugomvi na nyungu kama faraja. Mafua yakibana, mvuke hufungua pua, na bibi zetu walijua hivyo kabla ya maabara. Kwamba uliua kirusi, sikuwahi kuona ushahidi. Ila mwenye kifafa chini ya lile blanketi ni habari nyingine. Hebu mfikirie: lita tatu za maji yaliyochemka ziko katikati ya mapaja, hewa nzito, joto, giza, na hakuna anayemwona. Akianguka anaangukia sufuria. Jiko la mafiga la Mahenge limehamia sebuleni Sinza, tena safari hii limefunikwa ili mtu yeyote asione.

Mkaratusi una jambo lake pia. Mafuta yake, na zaidi kafuri, ile tunayoiita karafuu maiti, vinajulikana na madaktari kwa kuchochea degedege. Kwa kafuri iliyomezwa hakuna mabishano. Kwa mafuta ya mkaratusi, madaktari wa India wameandika habari za watu walioanguka baada ya kuyavuta tu. Majani machache ndani ya sufuria hayana nguvu ya mafuta ya chupa, na sitaki kumtisha mtu bure. Lakini kuna waliochota Vicks wakaitia kwenye maji ya moto, na ndani ya Vicks mna vyote viwili, kafuri na mkaratusi.  Ukiniuliza mimi, maji ya moto ni hatari ya kwanza na majani ni ya pili kwa mbali.

Nyumbani kwetu vita hii ilipiganwa jikoni. Mama alikuwa amemwandalia mdogo wangu blanketi. Nikamwambia, mama, huyu hapigi. Akaniuliza kama nataka mwanawe afe na corona kwa sababu ya vitabu vyangu. Tulimaliza kwa suluhu: mchaichai na tangawizi mgonjwa anywe kwenye kikombe, nyungu apige mama mwenyewe. Mama alipiga mpaka Julai.

*

Dawa nazo hugombana. Mei 2020 Rais wa Marekani, Donald Trump, alisema anameza haidroksiklorokwini kujikinga, na dunia ikaifuata. Dawa ya jamii ya klorokwini hushusha kile kizingiti cha ubongo. Mwenye kifafa aliyejinunulia ili ajikinge alikuwa anajichokoza.

Sinza ina kituo kinachoitwa Kwa Remmy, jina la Remmy Ongala, mwanamuziki mzaliwa wa Kongo aliyeishi maeneo hayo na kufariki Desemba 2010. Yeye ndiye aliyeimba "Mambo kwa Soksi", wimbo wa kinga dhidi ya UKIMWI ambao redio ya taifa haikutaka kuupiga. Namtaja kwa sababu UKIMWI pia ni janga la kirusi, na wapo wanaoishi na VVU na kifafa kwa pamoja. Fenobabito, fenitoini na kabamazepini, ambayo wengi huijua kwa jina la Tegretol, huliamsha ini lifanye kazi ya ziada ya kusafisha dawa nyingine, zikiwamo ARV. Dolutegraviri, kwa mfano, hupungua nguvu, na daktari anayejua kwamba mgonjwa anatumia kabamazepini huiandika mara mbili kwa siku badala ya moja. Vidonge vya corona vilivyokuja baadaye vyenye ritonaviri navyo havitangamani na dawa hizo tatu. Kwa hiyo beba bahasha zako zote kila uendako. Kumficha daktari wa kifafa habari za CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, au kuwaficha CTC habari za kuanguka, ni kuzipoteza dawa za pande zote mbili.

Chanjo ilichelewa ikafika. Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani Ikulu, chanjo ya Johnson & Johnson, dozi moja. Kifafa si sababu ya kukataa chanjo hiyo. Homa ya siku moja au mbili baada ya sindano inawezekana, na kwa mwenye kizingiti cha chini ni vyema parasetamo iwepo nyumbani. Mdogo wangu alichanjwa. Mkono ulimuuma.

*

Mlipuko mwingine utakuja, wa mafua au wa kitu kisicho na jina bado, na mtu ataanguka tena Mori au Madukani. Vaa barakoa yako, mvue ya kwake. Ondoa chupa na mawe karibu yake. Usimshike kwa nguvu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe kitu. Mtikisiko ukipungua mlaze ubavu ili mate yatoke. Tazama saa. Zikipita dakika 5 hajatulia, au akirudia kabla hajazinduka, mkimbizeni hospitali iliyo karibu, corona au si corona. Na ikiwa mwenye kifafa amelazimika kujitenga chumbani kwa ugonjwa wa kuambukiza, mlango usifungwe komeo kwa ndani, na awepo wa kumwita kwa jina kila baada ya muda.

Nawe unayemeza, leo usiku kabla ya kulala mimina vidonge vyako mezani uvihesabu. Vikiwa havifiki vya wiki mbili, kesho asubuhi nenda kliniki, ukaombe vya miezi mitatu. Ukikataliwa, omba tena.